Cyangugu Katika Kalamu ya Mgeni

Pale Ziwa Kivu linapokoma upande wa kusini, na maji yake, baada ya kutulia katika shimo ambalo kina chake chakaribia mita 480, yanapopata mlango na kuteremka kwa mshindo kwenda Ziwa Tanganyika, ndipo ulipo mji ambao Wabelgiji walikuwa wakiuandika Shangugu katika ramani zao, wenyeji wakiuita Cyangugu, na ambao tangu mageuzi ya tawala ya mwaka 2006 umo ndani ya Wilaya ya Rusizi, katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Kwa kweli ni miji miwili chini ya jina moja: Kamembe iliyo juu mlimani, penye soko, maduka, kituo cha mabasi na uwanja mdogo wa ndege; na Cyangugu ya chini, ufukweni, penye forodha, daraja na nyumba kuukuu zilizojengwa kutazama Bukavu, mji wa ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, ambao uko karibu mno hata usiku taa zake huonekana kama ni za mtaa wa pili.

Aghalabu walioandika habari za mahali hapa mwanzo walikuwa wapita njia: msafiri mwenye dira, ofisa mwenye bunduki, padri mwenye daftari la ubatizo. Kila mmoja aliona alichokuja kukitafuta, akakiandika, akaondoka. Kisha, Januari 2012, ikachapishwa Marekani riwaya iitwayo Running the Rift, ambayo mtungaji wake, bibi mmoja wa Tucson, Arizona, jina lake Naomi Benaron, alimchukua mtoto wa kubuni akamfanya azaliwe Cyangugu, akampa baba mwalimu, kaka mkali, mjomba mvuvi, na miguu yenye kasi kupita watoto wote wa mlimani. Nataka kueleza jinsi mji huu ulivyofika katika kurasa za bibi huyo, na hilo haliwezekani bila kurudi nyuma kidogo katika taarikhi, kwa sababu riwaya yenyewe imejengwa juu ya ardhi na mipaka ambayo watu wengine waliichora zamani.

Mto Rusizi ulianza kusumbua vichwa vya wageni kabla hawajauona. Mwaka 1858 Burton na Speke, walipokuwa Ujiji wakitafuta chemchemi ya Nili, walitaka kujua neno moja tu: je, Rusizi huingia Tanganyika au hutoka Tanganyika? Ikiwa unatoka na kwenda kaskazini, basi huenda ndio Nili wenyewe. Walipanda mitumbwi hadi Uvira, hawakufika mtoni, na waliyoambiwa huko na watu wa ziwani hayakuwafurahisha. Livingstone na Stanley, Novemba 1871, ndio waliopiga kasia mpaka kwenye kilango wakaona kwa macho yao kwamba maji yanaingia, wala hayatoki. Kiroja cha jambo hili ni kwamba swali lao halikuwa la kipuuzi hata kidogo, kwani wajuzi wa elimu ya ardhi wanatwambia kwamba Kivu hapo kale kabisa lilikuwa likimwaga maji yake kaskazini, upande wa Nili, hadi milima ya moto ya Virunga ilipofoka na kuinua ukuta, maji yakakosa njia, yakapanda, yakatafuta upenyo kusini, ndipo Rusizi ya leo ikazaliwa. Mji wa Cyangugu umekaa juu ya mlango huo. Tena ardhi yake bado haijatulia: Jumapili ya 3 Februari 2008 tetemeko lilibomoa nyumba na makanisa ya Rusizi na Nyamasheke, na zaidi ya watu 30 wakafariki upande wa Rwanda.

Kwa upande wa dola na vita, Cyangugu iliingia katika habari za dunia kwa kushindwa. Mwaka 1896 ofisa wa Dola Huru ya Kongo aliyeitwa Sandrart alipiga kambi Shangi, kwenye rasi ya kusini mwa Kivu, na jeshi la mwami, yaani mfalme, wa Rwanda, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likiogopwa na majirani wote, likaja kumfukuza kwa mishale na mikuki, likakutana na risasi. Kushindwa huko Shangi kuliitikisa baraza ya mwami kuliko hesabu ya wafu ilivyoonyesha, kwani mwaka ule ule haukuisha ila mwami mpya, Rutarindwa, aliangushwa Rucunshu na jamaa za mama yake wa kambo, na kijana Musinga akatawazwa. Wajerumani walipokuja kudai nchi muda mfupi baadaye, walimkuta mwami aliyekuwa na haja ya rafiki mwenye bunduki.

Katika Wajerumani hao alikuwamo mmoja ambaye Cyangugu inapaswa kumkumbuka kama mwandishi wake wa kwanza, japo wengi humkumbuka kwa Kigali tu. Richard Kandt, daktari aliyezaliwa Posen mwaka 1867, alitoka pwani kwa gharama zake mwenyewe, na msafara wa wapagazi ambao lugha yao ya njiani ilikuwa Kiswahili, akafika Rwanda mwaka 1898. Barazani kwa mwami alionyeshwa mtu mzima akaambiwa ndiye mfalme, hali mfalme wa kweli alikuwa kijana aliyefichwa. Naye Kandt, ambaye hakuwa mjinga, aling'amua baadaye kwamba amechezewa, akaandika kisa hicho bila ya kuficha. Mwaka huo huo aliufuata mto Rukarara mpaka ndani ya msitu wa Nyungwe, akatangaza kwamba hapo ndipo kichwa cha Nili kilipo. Mwaka 1899 alijijengea kituo karibu na Shangi, akakiita Bergfrieden, yaani Amani ya Mlimani, akakaa akikusanya mimea, ndege na habari za watu, na akaipima pwani ya ziwa kwa mtumbwi. Kitabu chake, Caput Nili, kilitoka mwaka 1904. Ni kitabu cha mtu mwerevu, mwenye jicho pevu na ulimi wa dhihaka, lakini wenyeji wa Kivu mle ndani ni watu wa kutazamwa. Hakuna hata mmoja ambaye msomaji anaweza kumfuata nyumbani kwake jioni akajua anachokiogopa.

Baada ya Kandt mambo yalikwenda mbio. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Mibirizi mwaka 1903, na katika bustani zake ulistawi mbuni ambao aina yake hadi leo wakulima wa Rwanda huiita kwa jina la mahali hapo. Mkataba wa mwaka 1910 uliigawa Kivu baina ya Wajerumani na Wabelgiji, kisiwa cha Ijwi kikaenda Kongo, na watu waliokuwa wakioana na kuuziana mbuzi ng'ambo kwa ng'ambo wakaambiwa kuwa sasa wao ni wageni wao kwa wao. Vita Vikuu vilipozuka, Wajerumani waliiteka Ijwi Septemba 1914. Mwaka 1916 Wabelgiji wakavuka Rusizi, nchi ikabadilisha bwana. Kiswahili, kilichokuja na askari, wapagazi na wachuuzi, kikabaki Kamembe na Bugarama katika mitaa ya Waislamu na katika soko, na hata leo mama anayepanga foleni mpakani na beseni lake la nyanya hukitumia kwa ufasaha wake mwenyewe, nusu wa Bukavu nusu wa Kigali, ambao mwalimu wa sarufi wa Unguja angeusikitikia bila sababu.

Lazima niseme neno juu ya uvuvi, kwa kuwa riwaya ya Benaron imemweka mtoto wake katika nyumba ya mvuvi, na kwa kuwa msomaji wa mbali hudhani kwamba desturi yoyote ya ziwani ni ya tangu enzi na enzi. Sambaza, dagaa wa Kivu, si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akapandwa katika maji ambayo yalikuwa na samaki haba, akazaana. Uvuvi wake kwa nyavu kubwa haukushika kasi ila katika miaka ya 1980. Mitumbwi mitatu huunganishwa kwa miti ya kukingama. Miti mirefu mingine hunyooshwa mbele na nyuma kama pembe za mdudu. Wavu hushushwa katikati. Wavuvi hutoka machweo, wakipiga kasia kwa kuimba kwa sauti ya kupokezana, maana makasia ya watu wengi bila wimbo hugongana. Zamani taa zilikuwa za mafuta ya taa, zenye pampu, siku hizi ni za betri. Sambaza huifuata nuru, nao wavu huinuliwa kwa nguvu za mikono yote kwa pamoja. Alfajiri wanawake huwa tayari wanangoja ufukweni na vikombe vya kupimia, na kabla ya saa mbili asubuhi fungu kubwa limekwisha vuka kwenda Bukavu. Mtoto aliyelelewa Cyangugu mwaka 1985 alikuwa, pasipo kujua, akiishi katika biashara changa kuliko baba yake.

Naomi Benaron hakusomea fasihi kwanza. Shahada yake ya uzamili aliyoipata Scripps Institution of Oceanography, kule California, ilikuwa ya sayansi ya dunia, yaani elimu ya miamba, bahari na mitetemo. Uandishi alikuja kuusomea Antioch University akiwa mtu mzima aliyekwisha kuiona dunia. Akafundisha katika chuo cha Pima, mjini Tucson, akafundisha pia wanawake wa Afghanistan waliotaka kuandika, na akawa msaidizi wa wakimbizi wa Kiafrika waliokuja kuishi katika mji ule wa jangwani. Zaidi ya hayo ni mwanariadha wa yale mashindano yaitwayo Ironman, ambayo mtu huogelea karibu kilomita 4, akaendesha baiskeli 180, kisha akakimbia masafa kamili ya marathoni, yote kwa siku moja. Mambo hayo matatu, ardhi, wakimbizi na mbio, ukiyaweka pamoja, umekwisha pata vifaa vyote vya riwaya yake, na kwa maoni yangu hii ndiyo sababu hasa iliyofanya kitabu chake kiwe kizito kuliko vingi vilivyoandikwa na wageni juu ya Rwanda: hakukopa maarifa kwa ajili ya kitabu, aliyaleta.

Alifika Rwanda mara ya kwanza mwaka 2002. Amesimulia kwamba alipokuwa akitembea ufukweni mwa Kivu aliona mifupa, akatambua kuwa ni ya binadamu, na tangu hapo hakupata utulivu. Alirudi tena, akafanya kazi na vyama vya walionusurika, akasikiliza. Mkusanyo wake wa hadithi fupi, Love Letters from a Fat Man, uliochapishwa mwaka 2007 na kupata tuzo ya G. S. Sharat Chandra, ulionyesha kuwa bibi huyu ana sikio zuri kwa watu waliovunjika moyo. Mwaka 2010 mswada wa riwaya yake ulishinda tuzo ya Bellwether, iliyoasisiwa na mtungaji Barbara Kingsolver kwa ajili ya hadithi zinazogusa haki na hali ya jamii. Na kwa kuwa tuzo hiyo huambatana na uchapishaji, kitabu kikatolewa na Algonquin Books.

Hadithi yaanza mwaka 1984. Jean Patrick Nkuba, mtoto wa Kitutsi, anaishi katika nyumba ya shule huko Gihundwe ambako baba yake ni mwalimu. Baba anafariki katika ajali ya barabarani, na kwa kuwa nyumba si ya kwao, familia inahamia kwa mjomba, kando ya ziwa, mahali paitwapo Gashirabwoba. Mtoto anaanza kukimbia, kwanza kwa kushindana na kaka yake Roger, halafu shuleni, halafu kwa macho ya kocha mmoja mwenye tamaa na siri zake, hata anafika Chuo Kikuu cha Butare akiwa na ndoto ya Olimpiki katika mita 800. Lakini vile vitambulisho vya kabila ambavyo Wabelgiji waliwapa Wanyarwanda katika miaka ya 1930, na ambavyo serikali za baadaye hazikuvifuta, vinasimama mbele yake kila mstari wa kuanzia mbio unapochorwa, mpaka anapewa kitambulisho cha Kihutu ili apate kushindana, na msomaji anabaki akijiuliza ni nani anayekimbia, yeye au karatasi. Huko Butare anampenda Bea, binti wa mwandishi wa habari asiyenyamaza, na anasoma elimu ya ardhi kwa mwalimu wa Kimarekani. Kisha unakuja mwezi wa Aprili 1994, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mwisho wake sitausimulia.

Msomaji wa Rusizi akikipata kitabu hiki atakuwa na mambo ya kusifu na mambo ya kugombana nayo. Atasifu namna milima ilivyotajwa kwa miguu, si kwa macho ya mtalii: mtu anayepanda kutoka ziwani kwenda barabara kuu ya lami anajua pumzi humkatikia wapi, na Benaron, kwa kuwa ni mkimbiaji, hakusahau pumzi. Atasifu pia kwamba Watutsi na Wahutu wa kitabu hiki wanaishi nyua zinazopakana, wanagombana kwa mambo ya kawaida, wanasaidiana, hivyo unapofika wakati wa kuuana hakuna anayeweza kujidanganya kwamba ni kabila za msituni zilizokuwa zikisubiriana tangu azali. Walakini Wamarekani wa kitabu, yaani yule mwalimu na mwenzi wake, wamepewa nafasi kubwa kuliko uzito wao. Wapo, naona, kwa ajili ya msomaji wa Marekani ambaye pengine angeogopa kubaki peke yake na Wanyarwanda kurasa zaidi ya 300. Tena mtungaji anapenda kueleza, na mambo ambayo mama wa Kamembe angeyapitisha kwa jicho tu huandikwa kwa mapana yake. Hizi si dhambi. Ni kodi ambayo mgeni hulipa akiandikia watu wa kwao.

Ama ukweli ambao riwaya imejengwa juu yake ni mzito kuliko riwaya. Katika Aprili 1994 Watutsi wa mkoa wa Cyangugu walikimbilia kanisa kuu la jimbo, parokia, viwanja na maofisi, wakitumaini kinga. Walio kanisani walihamishiwa Uwanja wa Kamarampaka, na kutoka humo watu walikuwa wakiitwa kwa majina yaliyoandikwa katika orodha, wakatolewa, wakauawa. Tarehe 12 Aprili katika uwanja wa mpira wa Gashirabwoba, mahali pale pale ambapo mtungaji wa Kimarekani amewaweka watu wake wa kubuni, watu wengi waliokuwa wamekusanyika waliuawa, na leo pana mnara wa kumbukumbu. Walionusurika wa Kamarampaka walipelekwa kambi ya Nyarushishi, ambako askari wa Ufaransa waliwakuta Juni 23, ilipoanza ile operesheni iliyoitwa Turquoise. Na Julai daraja la Rusizi likavukwa na umati wa wakimbizi, wengine wasio na hatia, wengine wenye damu mikononi, wote wakielekea Bukavu. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilisikiliza kesi ya wakubwa watatu wa Cyangugu: waziri Ntagerura na mkuu wa mkoa Bagambiki waliachiwa katika hukumu ya Februari 2004, naye kamanda wa kambi ya jeshi, Imanishimwe, alipewa miaka 27, ambayo rufani ya mwaka 2006 ilipunguza ikawa 12. Nyaraka za kesi ile ni maelfu ya kurasa. Mle zimo saa, njia, majina na umbali. Na mwanafunzi wa taarikhi hawezi kuziacha. Lakini jinsi kijana wa miaka kumi na tisa alivyokuwa akiona haya kwa viatu vyake vilivyotoboka, au jinsi mjomba alivyokuwa akinung'unikia wavu mbovu wiki moja kabla ya kufa, hakuna mahakama iliyopata kuuliza.

Yastahili kukumbukwa kwamba mwaka huo huo wa 2012, Scholastique Mukasonga, aliyezaliwa Rwanda mwaka 1956 na anayeishi Ufaransa, alitoa riwaya yake Notre-Dame du Nil, akapata tuzo ya Renaudot. Naye alichagua shule ya wasichana milimani, karibu na chimbuko la Nili, lile lile lililomsumbua Kandt. Yaani kwa mwaka mmoja, magharibi ya Rwanda iliingia katika riwaya mbili zilizotuzwa, moja kwa Kiingereza na moja kwa Kifaransa, moja ya mgeni aliyekuja na nyingine ya mwenyeji aliyefukuzwa. Na mtu akizisoma kwa kufuatana ataona kwamba Mukasonga anathubutu kucheka pale ambapo Benaron, kwa adabu ya mgeni, anainamisha kichwa. Mimi nachagua kicheko cha Mukasonga kwa usanii, ila kwa habari za ziwa na za mwili wa mwanadamu akimbiapo, bibi wa Arizona hajapata mshindani.

Sasa Kiswahili nacho kina dai lake. Tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda, baada ya kuishi sokoni Kamembe zaidi ya karne moja bila cheo. Basi nawaomba walimu wa Kiswahili wa Rusizi wawape wanafunzi wao kazi ya kwenda ufukweni alfajiri, wawahoji wavuvi na wale wanawake wa vikombe, waandike habari za nyua zao kwa majina ya vilima vyao. Na nawaomba wachapishaji wa Kigali, Dar es Salaam na Nairobi wawape watafsiri riwaya hizi mbili, ili mtu wa Kamembe asome kwa lugha anayouzia nyanya mambo ambayo msomaji wa Tucson ameyajua tangu mwaka 2012.